Hesabu Kabla ya Yamini



Wapenzi wasomaji, mafuta ya gari yamekuwa sababu mpya ya ugomvi katika nyumba zetu. Wazee waligombania minazi na visima. Wana wao leo hugombania tangi. Mmoja ana gari, wa pili ana shughuli, wa tatu ndiye dereva, na wanaporejea safarini kila mmoja huwa na hesabu yake ya lita. Juma hili nimeliweka kando somo nililolikusudia kwa sababu ya swali la mama mmoja wa Kisauni, ambalo naona linawahusu wengi zaidi ya nyumba yake.

Anaeleza kwamba mwezi wa Agosti jamaa zake walipanda Wundanyi, katika milima ya Taita, kwa ajili ya arusi. Walitumia gari la familia, la fowili, linalokwenda kwa dizeli, na nyuma yake wakafunga tela lenye bodi lililopakiwa masufuria ya pilau, magodoro, viti na turubai. Dereva alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake marehemu. Gari hilo wakienda nalo Malindi hula lita 12 kwa kila kilomita 100. Kwa kuwa safari ya Wundanyi, kwenda na kurudi, ni kama kilomita 400, walikadiria lita 48. Zikatumika lita 80.

Zimezidi lita 32. Ukikadiria lita moja kwa shilingi 170, hizo ni shilingi 5,440. Wajomba wakasema kijana amefyonza dizeli njiani akaiuza, au amepatana na wauzaji wamwandikie stakabadhi za uongo. Lililowatia yakini zaidi ni kuwa kwa mujibu wa stakabadhi, kwenda zilitumika lita 41 na kurudi lita 39. Wakauliza: kupanda mlima na kuteremka vipi vitakula mafuta sawa? Sasa wamekusudia kumwita kijana baada ya sala ya Ijumaa, mbele ya watu, ale yamini kwa kushika msahafu. Tangu alipopata habari hiyo hajakanyaga tena nyumbani kwa mama huyu, aliyemlea tangu utoto. Mama anauliza: Je, yajuzu kumlisha yamini?

Jibu la kisheria ni fupi. Mwenye kudai ndiye atakiwaye kuleta ushahidi, na mwenye kukabidhiwa kitu kwa amana huaminiwa kwa kauli yake mpaka idhihiri khiana. Yamini ina mahali pake, nayo ni pale penye dai lenye sura, mbele ya mwenye mamlaka ya kuhukumu. Si chombo cha kutulizia shaka za wajomba. Na Surat Al-Hujurat imetukanya kukithirisha dhana. Basi swali la kwanza si kama kijana ataapa, bali ni kama dai lenyewe lina mguu wa kusimamia. Hilo halijulikani kwa hasira. Hujulikana kwa hesabu. Na tuifanye.

Lita moja ya dizeli ina nguvu nyingi mno, lakini injini hufikisha kwenye magurudumu karibu thuluthi yake tu. Thuluthi mbili hupotea kama joto, kupitia rejeta na bomba la moshi. Kwa thuluthi hiyo iliyobaki, tela hudai mambo matatu: liinuliwe pale njia inapopanda, liviringishwe juu ya lami, na lipasuliwe njia katika hewa. Watu wengi hulifikiria la kwanza tu, nalo ndilo dogo kuliko yote.

Tuanze na mlima. Mombasa iko kwenye usawa wa bahari, Voi iko kati ya mita 550 na 600 juu yake, na Wundanyi ni karibu mita 1,400. Upandaji huu huanza mapema kuliko macho yanavyodhani. Ukiisha kuzipita Mazeras na Mariakani ukaingia nyika ya Taru, huona ila uwanda uliotandazwa kama jamvi. Kumbe kutoka hapo mpaka Maungu barabara inapanda polepole bila ya kukuaga. Mlima unaoonekana ni ule wa Mwatate kwenda Wundanyi, wenye kona kali na mteremko wa kutisha upande mmoja. Mama ameeleza kuwa tela pamoja na mizigo lilikadiriwa kilo 1,500. Kuuinua uzito huo kutoka Mombasa mpaka Wundanyi hutaka lita zisizofika mbili. Naam, mbili. Injini hulia, sindano ya joto hupanda, abiria huvuta uradi, lakini kwa hesabu ya mafuta mlima wote huo kwa tela zima ni chupa kubwa mbili za maji.

La pili ni kuviringika. Tairi la mpira hubonyea linapogusa lami na kurejea umbo lake linapoiacha, na kila kubonyea hula nguvu kidogo. Kwa tela la uzito huo, lenye matairi yaliyojazwa sawasawa, hilo ni kama lita moja na nusu kwa kila kilomita 100. Kwa safari ya kilomita 400 ni lita sita. Matairi yakiwa na upepo pungufu, huzidi.

La tatu ni hewa, na hapa ndipo yalipo maelezo. Bodi ya tela hilo, kwa maelezo ya mama, inapita paa la gari kwa karibu mita moja, na upana wake unazidi ule wa gari. Sehemu hiyo iliyojitokeza ni ukuta unaosukumwa mbele ya upepo, na hewa inayoingia katika mwanya baina ya gari na tela hufanya kizunguzungu kinacholivuta gari nyuma. Mabaharia wetu wanalijua jambo hili bila ya kusoma fizikia: nahodha anayetaka kwenda dhidi ya upepo hashindani nao akiwa na tanga lote wazi. Sisi barabarani hulitweka tanga letu, tukalielekeza upeponi, kisha tukakanyaga mafuta.

Tena upinzani wa hewa hauongezeki sawa na mwendo. Mwendo ukizidi kwa robo, kutoka kilomita 80 kwa saa mpaka 100, upinzani huzidi kwa zaidi ya nusu. Mama anasema penye njia wazi, baina ya Mombasa na Voi, kijana alikwenda mwendo wa 100. Kwa mwendo huo tela la kimo hicho huongeza karibu lita sita kwa kila kilomita 100 kwa sababu ya hewa peke yake. Kutoka Mombasa mpaka Voi ni kama kilomita 155, na kwenda na kurudi ni 310. Hizo ni lita 18. Zidisha lita mbili za kipande cha Voi, Mwatate na Wundanyi, ambako mwendo ni mdogo, upate 20.

Basi kusanya: mlima lita mbili, matairi lita sita, hewa lita 20. Jumla ni lita 28 katika zile 32 zilizomtia kijana aibuni. Zimebaki nne. Gari lenyewe nalo, likiwa na abiria wake, limepanda mlima ambao haupo katika njia ya Malindi, ilhali kipimo cha lita 12 kilitoka katika njia hiyo tambarare. Ongeza matuta ya barabarani, foleni za malori penye mizani ya Mariakani, na kila pale dereva alipofunga breki kisha akauondoa upya mzigo wa tani moja na nusu. Sidhani kwamba yupo atakayetafuta mwizi wa lita nne baada ya hayo.

Limebaki lile swali la kurudi, lililowatia wajomba yakini. Kuteremka kutoka milimani vipi kulitaka mafuta takriban sawa na kupanda? Watu wa pwani ndio wa mwisho wanaopaswa kuuliza hivyo. Agosti ni mwezi wa kusi. Upepo huo hutoka baharini upande wa kusini na mashariki, na barabara ya Voi huelekea kaskazini-magharibi. Basi mwenye kupanda Voi katika kusi husukumwa mgongoni, na mwenye kushuka Mombasa hupigwa usoni. Ukienda mwendo wa 100 dhidi ya upepo wa 15, kwa tela lako ni sawa na mwendo wa 115. Kwenda, mlima ulidai na upepo ukasaidia. Kurudi, mlima ulisamehe na upepo ukadai. Lita 41 na lita 39 si alama ya khiana. Lau stakabadhi zingeonyesha kurudi kwa nusu ya mafuta ya kwenda katika mwezi ule, hapo ndipo ningestaajabu.

Sisemi kuwa hesabu inaweza kusoma moyo wa mtu. Hilo ni la Mola peke yake. Nasema kwamba dai lilijengwa juu ya neno "zimezidi", na sasa tumeona zilikokwenda. Dai halina mguu, na penye dai lisilo na mguu hapana yamini ya kuliwa. Kwa hivyo namjibu mama: usikubali mwanao apelekwe msikitini kwa jambo hili. Mwendee wewe kwanza, kwa kuwa mlezi hapungukiwi kitu kwa kuuanza mlango. Na wale wajomba, yule aliyesema maneno barazani na akayarudishe barazani, mbele ya wale wale waliomsikia. Maneno ya kumsafisha mtu yakisemwa faraghani, na ya kumchafua yalisemwa hadharani, mizani haijakaa sawa.

Nimelirefusha jambo hili kwa kuwa njia hiyo ya Taita ina somo la kale la namna hii. Zile nyumba za magurudumu wanazokokota watalii wanapokwenda Tsavo au Ziwa Jipe huitwa karavani, na neno hilo asili yake ni Kiajemi, lenye maana ya msafara. Katika karne ya 19 Taveta ilikuwa kituo mashuhuri cha misafara iliyotoka Mombasa kwenda Kilimanjaro na Umasaini, ikipitia ile nyika ya Taru isiyo na maji. Mzigo wa hamali ulikuwa kama frasila mbili, na posho yake ilipimwa kwa kibaba cha nafaka kwa siku. Kila mzigo uliozidi ulitaka kichwa cha kuubeba, na kila kichwa kilikuja na kinywa chake. Kwa hiyo mkuu wa msafara hakuhesabu bidhaa tu. Alihesabu vibaba kabla ya kutoka, na alijua kuwa safari yenye mizigo haina hesabu moja na safari ya mtu mwenye fimbo yake. Sisi tumepata magari, tukaiacha hesabu.

Basi nanyi mnaojiandaa kwa likizo na arusi za milimani, yachukueni haya.

Jambo la kwanza ni mwendo, kwa kuwa ndilo lililo katika mguu wa dereva na halinunuliwi. Baina ya Mombasa na Voi, mwendo wa 80 badala ya 100 hukuchelewesha dakika zisizotimia 25. Kwa gari na tela kama hili, na njia ikiwa wazi, dakika hizo kwa kwenda na kurudi huokoa zaidi ya lita kumi. Tena tela hurefusha masafa ya kusimama. Wanaopita Mwatate kuelekea Maktau na Taveta, ambako lami ilitandikwa katika muongo uliopita, wajue kuwa barabara inakatiza nyika ya ndovu, na ndovu hasubiri breki zako. Usiendeshe na tela usiku katika njia ile bila ya dharura.

La pili ni kimo cha mzigo. Panga mizigo iwe chini na iwe sawa na paa la gari au pungufu yake. Viti virefu vilazwe. Turubai likunjwe na kufungwa, lisiachwe likipepea. Kilo 100 za mchele zilizolala sakafuni hukugharimu kidogo kuliko magodoro mepesi yaliyorundikwa mpaka angani. Mizigo mizito iwekwe juu ya ekseli na mbele yake kidogo, hata uzito unaoegemea kwenye ndoano ya gari uwe kama sehemu moja katika kumi ya uzito wa tela. Tela lililolemewa nyuma huyumba, na tela linaloyumba likiwa katika mwendo mkali limewahi kuzigeuza arusi kuwa matanga.

La tatu ni matairi. Yajazwe yangali baridi, asubuhi kabla ya kutoka, ya tela pamoja na ya gari. Upepo wa nje ni mpinzani wako, lakini ule wa ndani ya tairi ni msaidizi, na wengi humsahau msaidizi wa tela kwa kuwa tela hukaa miezi uani bila ya kuguswa.

La nne ni gari lenyewe. Fowili ni ya mchanga, matope na mawe. Katika magari ambayo dereva huiingiza kwa mkono, kuiacha kazini juu ya lami kavu hukula mafuta, husaga matairi na hukaza gia bila ya faida. Iondoe. Keria ya juu ya paa, kama haina kitu, ifunguliwe ibaki nyumbani. Na katika kupanda kutoka Mwatate zimeni kiyoyozi, mteremshe vioo. Hewa ya Taita ni bora kuliko ya mtambo, na injini itapata nafasi ya kupoa.

La tano nalitilia mkazo kwa kuwa lina roho za watu ndani yake. Wapo madereva wanaoteremka kutoka Wundanyi kwa gia huru wakidhani wanaokoa mafuta. Katika injini za kisasa, gari likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa umeondolewa, mafuta hukatwa yasiingie kabisa. Likiwa katika gia huru, injini huendelea kunywa ili isizimike. Kwa hiyo huokoi, bali unapoteza. Na kubwa zaidi, umeziachia breki peke yake zizuie gari na tela lililojaa katika kona zile, mpaka zipate moto na kukataa kazi. Teremkeni kwa gia ile ile ambayo mngepandia.

La sita ni kupima. Jazeni tangi Mombasa mpaka bomba likate lenyewe mara ya kwanza, na mwandike kilomita. Mombasa ndiko bei iliko nafuu, kama inavyoonekana kila tarehe 14 ya mwezi Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli inapotangaza bei za miji. Mkifika Voi jazeni tena kwa namna ile ile, mgawe lita kwa kilomita mlizokwenda, mzidishe kwa 100. Fanyeni hivyo mara moja bila tela na mara moja mkiwa nalo, kwenda na kurudi, na mkiandike kipimo katika daftari linalokaa ndani ya gari. Wakati wa kupumzika, kama vile pale Mackinnon Road penye msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah, ambapo wasafiri wengi husimama kuswali, gusa ndoano, minyororo na kitovu cha kila gurudumu la tela. Gurudumu lenye joto kuliko wenzake lina breki iliyokamata au beringi inayokufa, na linakula mafuta yako kimyakimya.

La mwisho ni mapatano. Mwenye kuazima gari la nduguye kwa kuvuta tela na aulize kabla ya kutoka: mafuta ni juu ya nani, kwa kipimo kipi, na yakizidi itakuwaje? Msikadirie kwa kipimo cha gari tupu. Wekeni theluthi mbili juu yake kwa tela refu, na kikibaki kitu kirudi kwa mwenyewe. Andikeni, mbele ya dereva, na dereva naye aweke alama yake. Kuandikiana si kutoaminiana. Ni kumlinda yule ambaye kesho hatakuwa na shahidi mwingine ila karatasi.

Mwenyezi Mungu azisahilishe safari zetu, na azihifadhi nyoyo za jamaa zetu zisifarikiane kwa ajili ya kitu kinachokwisha moshini. Wabillahi tawfiq.